AP saba, jina moja, na mgeni wa chumba namba 12 asiyeiona Wi-Fi

Swali: Assalaam alaykum mtaalamu. Nasimamia nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Unguja. Ni nyumba ya zamani yenye ua katikati: chini, ghorofa ya kwanza, ghorofa ya pili, na mgahawa mdogo juu ya paa. Vyumba ni 14. Tuna AP (vifaa vya kurushia Wi-Fi) saba, zote jina moja na nywila moja. Fundi wa kwanza aliziacha zote kwenye "auto". Wageni walipolalamika akaja fundi wa pili, akaipa kila AP chaneli yake: 1, 3, 5, 7, 9, 11 na 13, akasema sasa hazitagongana tena. Akapandisha na nguvu mpaka mwisho. Tangu hapo mambo yamezidi kuharibika. Saa tatu usiku wageni wakirudi vyumbani hakuna kinachofunguka. Simu ikipandishwa ghorofa ya pili bado inang'ang'ania AP ya mapokezi. Na mgeni wa chumba namba 12, Mmarekani, anaapa kuwa kwenye kompyuta yake hakuna Wi-Fi kabisa, wakati kijana wangu akiingia humo na simu yake anaipata. Hizi AP huchaguaje chaneli, na zikiwa zimekaribiana hivi nifanye nini?

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Niruhusu nianzie chumba namba 12, maana mgeni wako hasemi uongo na kisa chake ndicho chepesi kuliko vyote. Karibu nina hakika AP iliyo jirani naye ndiyo ile iliyopewa chaneli 13. Marekani, kwenye masafa ya 2.4 GHz, Wi-Fi hutumia chaneli 1 hadi 11, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kwa soko la kule hazijishughulishi kusikiliza 12 wala 13. Simu ya kijana wako imetengenezwa kwa soko jingine, inasikiliza mpaka 13. Ndiyo maana wawili hao wanaingia chumba kimoja na kutoka na habari mbili. Iondoe AP hiyo kwenye 13 sasa hivi, hata kabla hujamaliza kusoma.

Sasa fundi wa pili. Simlaumu sana, kwa sababu namba zenyewe zinadanganya. Mtu akiona chaneli 1, 2, 3 mpaka 13 hudhani ni vyumba kumi na vitatu vilivyopangana, kila kimoja na ukuta wake. Sivyo. Masafa ya 2.4 ni ukumbi mmoja mwembamba, kuanzia megahezi 2400 hadi 2483.5, na zile namba ni alama tu zilizochorwa sakafuni kila baada ya megahezi 5. Wi-Fi ikizungumza haisimami juu ya alama moja. Inatandika mkeka wenye upana wa megahezi 20, na alama inakuwa katikati ya mkeka. Katikati ya chaneli 1 ni 2412, kwa hiyo mkeka wake unaanzia 2402 na kuishia 2422. Katikati ya chaneli 3 ni 2422, mkeka wake ni 2412 hadi 2432. Nusu nzima ya mkeka wa 3 imepanda juu ya mkeka wa 1. Chaneli 5 imepanda nusu ya 3, 7 nusu ya 5, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa ukumbi. Katika AP zako saba hakuna hata moja yenye mkeka wake peke yake.

Ukitaka mikeka isiyopandana ndani ya ukumbi ule utapata mitatu: 1, 6 na 11. Ulaya, ambako 13 inaruhusiwa, wapo wanaotandika minne, yaani 1, 5, 9 na 13, na kwenye karatasi hesabu inakubali. Lakini majirani zako wote wako kwenye 1, 6 na 11, kwa hiyo 9 yako itawapanda wawili kwa pamoja. Na 13 umeshaona ilivyomfanya Mmarekani.

Hapo utauliza: kama chaneli ni tatu na AP ni saba, si lazima baadhi zikae chaneli moja? Lazima. Wala si balaa. AP mbili kukaa chaneli moja sawasawa ni nafuu kuliko kupandana nusu nusu. Watu hawaniamini nikisema hivi, kwa hiyo ngoja nieleze kwa nini.

Redio za Wi-Fi zina adabu ya barazani. Kabla ya kusema, kila moja husikiliza kwanza. Akiwapo anayezungumza, inanyamaza mpaka amalize, kisha inasubiri kitambo kidogo cha kubahatisha, ndipo inasema. Adabu hii haikuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha ALOHAnet, mtandao wa redio kati ya visiwa, na humo kila kituo kilisema kilipotaka. Ujumbe ukigongana na mwingine, ulirudiwa. Kwa vituo vichache ilitosha. Kwa umati haikutosha, ndipo wahandisi waliofuata wakaongeza kusikiliza kabla ya kusema, na kiwango cha kwanza cha Wi-Fi cha mwaka 1997 kikaja na desturi hiyo ndani yake.

Ili uheshimu zamu ya mwenzako, sharti uyatambue maneno yake ya kwanza. Kila pakiti ya Wi-Fi, yaani kifurushi cha data, huanza na mlio unaojulikana, ikifuatiwa na habari kwamba "nitazungumza kwa muda wa kiasi hiki". Redio iliyo kwenye chaneli ile ile huukamata mlio huo hata ukiwa dhaifu sana, kwenye kiwango cha dBm −82 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri, mawimbi ni dhaifu zaidi). Inaelewa, inanyamaza, inahesabu muda. Kwa hiyo AP zako mbili zikiwa zote kwenye 6 na zinasikiana, zinapeana zamu. Kila moja inapata nusu ya muda wa hewani, lakini hakuna neno linalopotea.

Sasa iweke moja kwenye 1 na nyingine kwenye 3. Hazielewani tena. Kila moja inamsikia mwenzake kama jenereta la jirani: kelele tu, bila neno. Na nani humngoja jenereta amalize kuzungumza? Kanuni ya Wi-Fi inasema kelele isiyotambulika ndiyo ya kusubiriwa pale tu inapofika dBm −62. Kati ya −82 na −62 pana desibeli 20, na desibeli 20 ni nguvu mara 100. Katika pengo hilo AP zako zinasemeana juu ya vichwa. Pakiti inaharibika, simu haijibu kwamba imepokea, AP inarudia, na ikirudia inashusha kasi ili ieleweke vizuri. Kasi ikishuka, pakiti ile ile inachukua muda mrefu zaidi hewani na kuwaharibia wengi zaidi. Hiyo ndiyo saa tatu usiku yako.

Nije kwenye swali lako la msingi, "auto" huchaguaje. Watu hudhani ndani ya AP kuna akili kubwa. Mara nyingi kuna kitu cha kawaida sana: AP ikiwashwa inapita chaneli moja baada ya nyingine, inasikiliza kila moja kwa muda mfupi, inapiga hesabu, inachagua, inatulia hapo mpaka izimwe tena. Chukua mfano wa hostapd, programu inayoendesha AP nyingi zenye Linux ndani. Kwa kila chaneli inauliza kadi ya redio: katika muda niliokusikilizisha, ni kiasi gani hewa ilikuwa na mtu, ukitoa maneno yangu mwenyewe? Na kelele ya chinichini ni kiasi gani? Inachanganya majibu hayo kuwa alama moja, na alama ndogo ndiyo inayoshinda. Ina hata upendeleo wa makusudi: alama za chaneli 1, 6 na 11 huzidishwa kwa 0.8, yaani hupewa punguzo ili zishinde kwa wepesi. Ni akili nzuri. Vifaa vya bei rahisi vingine havifiki hapo, vinahesabu tu majina mangapi yanaonekana kwenye kila chaneli. Jina moja lenye wageni thelathini wanaotazama video linahesabiwa sawa na jina la kamera inayosinzia.

Lakini udhaifu mkubwa wa "auto" kwetu sisi si hesabu. Ni umeme. Niliwahi kuitwa skuli moja yenye AP tisa, zote "auto", na nikazikuta zote zimerundikana chaneli moja huku nyingine mbili ziko tupu. Nilidhani zimeharibika. Kumbe usiku uliotangulia umeme ulikatika. Uliporudi, zote tisa ziliwaka kwa pamoja, zote zikasikiliza kwa pamoja, na kwa kuwa hakuna iliyokuwa imeanza kusema, kila moja ikasikia hewa safi kila mahali na kuchagua ile ile ya mwanzo kwenye orodha. Mtaa mzima hufanya hivyo pia. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini siku nyingine Wi-Fi ya "auto" ni nzuri na siku nyingine mbaya bila mtu kugusa kitu, jibu mojawapo ni rauta za majirani na AP zako kuamka dakika moja.

Jambo la pili: AP husikiliza kutoka darini ilipo, mgeni yuko kitandani nyuma ya ukuta. AP inaweza kuiona chaneli 11 ni tupu wakati rauta ya jirani, iliyo upande wa pili wa dirisha la mgeni, inampigia kelele sikioni kwenye 11 hiyo hiyo.

Vipo vifaa vya "auto" vinavyoendelea kupima baada ya kuwaka na kuhama vikiona kuna nafuu kwingine. Navyo vina tabia yao. Unajua vichochoro vya Mji Mkongwe, watu wawili wanapokutana ana kwa ana, huyu anasogea kushoto kumpisha mwenzake, na mwenzake naye anasogea upande huo huo, wote wanarudi kulia, wanacheka. AP mbili zisizo na msimamizi hufanya vivyo hivyo, ila wanaoumia hawacheki: kila AP inapohama inawatangazia simu kwamba baada ya mbiu kadhaa (mbiu ni tangazo fupi la AP la kujitambulisha) nitakuwa chaneli fulani, simu zinazoelewa zinafuata, za zamani zinaanguka na kuanza kujiunga upya.

Tiba ya kitaalamu ni msimamizi mmoja, kontrola. AP zenyewe huitana hewani na kupimana zinavyosikiana, zinapeleka vipimo, na kontrola inachora ramani ya nani anamgusa nani kisha inagawa chaneli. Ni fumbo lile lile la kupaka rangi ramani ya nchi jirani zisifanane, na wataalamu wa hesabu wanajua ni fumbo gumu kadiri ramani inavyokua, kwa hiyo kontrola hutafuta jibu zuri la kutosha. Cisco kwa kawaida huliangalia upya kila baada ya dakika 10. Aruba, kwa mfumo wake wa AirMatch, hukusanya vipimo vya siku nzima na kubadilisha mara moja alfajiri watu wakiwa wamelala. Mimi napenda mtindo wa alfajiri. Kwa AP saba zisizohama mahali, hata hivyo, sioni haja ya kununua kontrola. Kalamu na karatasi zinatosha, na nyumba yako itasaidia.

Naam, nyumba. Hapa wewe una bahati ambayo hoteli mpya za vioo na mbao hazina. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha kukalia dirishani, hula mawimbi kwelikweli. Dari za boriti zilizobebeshwa mawe na chokaa nazo hazipitishi kwa wepesi. Mafundi wengi huona huo ni ubaya, ndiyo maana wanapandisha nguvu. Mimi naona ni ukuta wa bure kati ya AP na AP. Chaneli moja inaweza kutumika mara mbili ndani ya nyumba yako bila hizo mbili kusikiana sana. Tatizo lako ni ua. Nadhani AP zimening'inizwa kwenye roshani za ndani, zinautazama ua, kwa sababu hapo waya ni rahisi kupitisha. Basi ua ni bomba la wazi kutoka mapokezi hadi paani, na AP zote zinapigiana kelele humo bila kizuizi. Zisogeze ziingie kwenye korido, nyuma ya pembe ya ukuta, hata mita mbili tu. Kusikiana kwao kutapungua kuliko unavyofikiri, na vitanda havitapoteza kitu.

Baada ya hapo shusha nguvu. Najua inasikika kinyume. Lakini fikiria mtu mwenye kipaza sauti akizungumza na mwenzake aliye mbali anayejibu kwa mdomo mtupu. AP yako inasema kwa miliwati 100 au zaidi, simu inajibu kwa nguvu pungufu ya hiyo na antena ndogo. Mgeni anaona mistari yote ya Wi-Fi imejaa na hakuna kinachokwenda, kwa sababu yeye anasikia vizuri ila hasikiki.

Na hapo ndipo ilipo siri ya simu inayong'ang'ania mapokezi. Wengi hudhani AP ndiyo inayomkabidhi mgeni kwa AP ya jirani, kama minara ya simu inavyofanya. Kwenye Wi-Fi anayeamua kuhama ni simu yenyewe. Apple wameandika wazi kwamba iPhone huanza kutafuta AP nyingine pale ile iliyoshikwa inaposhuka hadi dBm −70. Kompyuta zao za Mac hungoja mpaka −75. Kwa nguvu aliyoiweka fundi wako, mawimbi ya mapokezi yanapanda uani na kufika ghorofa ya pili yakiwa bado na, tuseme, −66. Simu haina sababu ya kutafuta kitu, imeridhika. AP nzuri iko mita tatu kutoka kwake na haijui.

Kwa hiyo maeneo ya AP yanatakiwa yalaliane, lakini kwa kipimo. Yasipolaliana kabisa, mgeni anayetembea na simu ya WhatsApp anakatika katikati ya korido. Yakilaliana mno, hahami. Ninapopima hulenga hivi: kitandani, mahali pabaya kuliko pote katika chumba, AP ya karibu iwe −67 au zaidi ya hapo, na ile ya pili isikike kwenye −75 hivi, ili simu ikitaka kuhama iwe na pa kwenda. Kwenye 2.4 ningeanza na nguvu ya dBm 8 hadi 10, na kwenye 5, yaani yale masafa mengine ya Wi-Fi ya 5 GHz, ningeweka 14 hadi 16. Tofauti hiyo ni ya makusudi. Masafa ya 5 hupoteza takriban desibeli 6 hadi 7 zaidi kwa umbali ule ule, na ukiyapa nguvu sawa na 2.4, simu zitakimbilia 2.4 ambako ndiko kwenye msongamano. Kama AP zako zina mipangilio inayoitwa 802.11k, v na r, washa k na v: ya kwanza huipa simu orodha ya majirani, ya pili huishauri ihamie wapi. Ile ya r huharakisha kubadilishana funguo, ila vifaa vya zamani vingine huichukia, iwashe mwisho na ujaribu.

Mpango wenyewe wa 2.4 kwa nyumba yako naupendekeza hivi, ukidhani kila tabaka lina AP mbili, moja kila upande wa ua. Chini: kushoto 1, kulia 6. Ghorofa ya kwanza: kushoto 11, kulia 1. Ghorofa ya pili: kushoto 6, kulia 11. Ukiangalia kutoka chini kwenda juu kila upande una namba tatu tofauti, na namba inayojirudia inakutana na mwenzake kwa mshazari, ikivuka ukuta na dari kwa pamoja. AP ya paani, izime 2.4 kabisa. Huko juu inasikia nusu ya Mji Mkongwe, na kwa ile adabu ya barazani, kila inayemsikia inamngoja. AP iliyo mahali pa juu pasipo kizuizi ndiyo inayosubiri kuliko zote. Wanaokunywa chai paani wapewe 5 tu. Na upana wa 2.4 uwe megahezi 20. Ukiona mahali pameandikwa 40, punguza, kwani mkeka wa 40 unakula chaneli mbili kati ya zile tatu.

Masafa ya 5 hukuyataja, nami nabashiri yako hivi: zote saba zimeachwa kwenye upana wa megahezi 80, na zote saba zimejichagulia mkeka mmoja, 36 hadi 48. Nimelikuta hili mara nyingi mno. Sababu ni rada. Huku juu chaneli zilizopangwa kwa 20 ni nyingi, 36 hadi 64, kisha 100 hadi 144, kisha 149 hadi 165, lakini zile za katikati, 52 hadi 144, zinatumiwa pamoja na rada, na Wi-Fi ni mgeni humo. Kabla ya kuzitumia AP lazima isikilize kimya kimya kwa sekunde 60. Ulaya, kwenye sehemu ya rada za hali ya hewa ya megahezi 5600 hadi 5650, ni dakika 10. Ikiisikia rada ikiwa kazini, ina sekunde 10 za kuondoka na hairudi mpaka dakika 30 zipite. Watengenezaji wengi hukwepa usumbufu huo, na "auto" ikaishia 36. Ukiwa na madirisha yanayotazama bandari usiogope rada za meli: hizo za uongozaji hutumia masafa ya gigahezi 3 na 9, hazihusiani na hizi.

Kwako, bila kugusa eneo la rada kabisa, kuna chaneli tisa za upana wa 20: 36, 40, 44, 48, 149, 153, 157, 161 na 165. AP ni saba. Kila moja ipewe yake na hakuna atakayemngoja mwenzake. Kwanza hakikisha kwenye mipangilio umeweka nchi sahihi, maana ndiyo inayoamua zipi zinaruhusiwa. Kama kundi la 149 halitokei, zibaki nne za mwanzo ukizirudia kwa mshazari kama nilivyofanya kwenye 2.4. Muuza AP atakwambia 20 ni ndogo, kasi itashuka. Kipimo cha simu moja usiku mtupu kitashuka, ni kweli. Simu ya antena mbili ya Wi-Fi 5 (kizazi cha tano cha Wi-Fi) kwenye upana wa 20 hufikia kasi ya redio ya megabiti 173 kwa sekunde. Toa gharama ya kusubiriana, ikibaki hata nusu, bado ni zaidi ya anachohitaji mgeni mmoja kutazama filamu, na pengine inakaribia laini yote unayoilipia. Hoteli haihukumiwi kwa kipimo cha simu moja.

Wi-Fi 6 imeleta namba ya "rangi", 1 hadi 63, ili redio itambue haraka kwamba anayesema ni wa mtandao mwingine na, akiwa mbali, imruke. Ni nzuri, ila faida yake inategemea simu za wageni nazo ziwe mpya. Masafa ya 6 GHz, ambayo Marekani iliyafungulia megahezi 1200 mwaka 2020, ni hadithi tamu ya siku nyingine. Kuta zako hazitayapenda.

Kitu kimoja kilichofichika sana: umeniambia jina ni moja, lakini angalia vizuri. Nyumba nyingi za wageni nakuta majina manne, la wageni, la ofisi, la kamera, na la jaribio ambalo fundi alisahau kulifuta. Kila jina kwenye kila AP hupiga mbiu yake mara moja kila milisekunde 102.4, usiku na mchana, hata asipokuwapo mtu. Mbiu ya baiti 300 ikitumwa kwa kasi ya zamani ya megabiti 1, ambayo ndiyo chaguo la kiwandani kwenye 2.4, hula milisekunde 2.6 hivi. Majina manne kwenye AP tatu zinazosikiana chaneli moja ni mbiu 12, yaani milisekunde 31 katika kila 102. Karibu theluthi moja ya hewa yako inakwenda kwa kujitangaza. Baki na majina mawili, na kwenye mipangilio ya kasi ya chini kabisa ondoa 1, 2, 5.5 na 11, anza na 6 au 12. Kwa kasi ya 6 mbiu ile ile inakuwa chini ya nusu milisekunde. Kabla ya kufanya hivyo kagua kama una kamera au printa ya kizamani isiyojua kasi nyingine zaidi ya hizo.

Kuhusu utaratibu: kabla ya yote, leo saa tatu usiku chomeka kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye rauta na upime. Laini yenyewe ikiwa imejaa, chaneli hazina hatia. Ikiwa laini ina nafasi, siku ya kwanza badilisha chaneli na upana, usiguse nguvu. Siku ya pili nguvu. Siku ya tatu majina na kasi za chini. Ukifanya yote kwa mkupuo na jambo likaharibika hutajua lipi. Funga chaneli kwa mkono ili umeme ukikatika zisirundikane tena, na mlango wa mapokezi bandika karatasi ya ramani, AP ipi chaneli ipi, ili fundi wa tatu asianze upya na 1, 3, 5. Halafu mara mbili kwa mwaka, kabla ya msimu wa wageni kuanza, tembea na simu yenye programu ya kupima Wi-Fi uone majirani wamehamia wapi. Na ile maikrowevu ya jikoni chini, kama iko ukuta mmoja na AP, hufanya kazi kwenye gigahezi 2.45, katikati kabisa ya ukumbi wetu. Upande wa kulia chini nimekupa 6, ambayo iko karibu na hapo. Ikikusumbua wakati wa chai ya asubuhi, sogeza AP kabla ya kufikiria kubadilisha namba.